Je, Wajua? Vipunje vya kahawia vinavyoua mibilinganya

Mbilinganya ukinyauka ghafla kwenye ua wa nyumba ya Azaiba, Muscat, ilhali udongo umelowa, tatizo si kiu. Jibu huwa pale shina linapoingia ardhini.

Zikionekana hapo nyuzi nyeupe kama pamba, zenye vipunje vya kahawia mfano wa mbegu za haradali, huo ni ukungu wa Sclerotium rolfsii. Jina hilo linamkumbuka Mmarekani Peter Henry Rolfs, aliyeueleza mwaka 1892 baada ya kuukuta kwenye nyanya za Florida. Hupenda unyevu na joto la nyuzi 25 hadi 35. Vipunje vyake hukaa udongoni kwa miaka, vikingoja nyanya, pilipili au karanga.

Bado kuna shaka? Shina hukatwa, ncha ikatumbukizwa kwenye glasi ya maji safi. Ukishuka ute mweupe kama maziwa, mhalifu ni bakteria.

Mmea uliooza hung'olewa pamoja na udongo wake, wala hautupwi kwenye mboji. Kiangazi kikifika, udongo uliolowanishwa hufunikwa kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6. Jua la Muscat, linalopita nyuzi 40, hupunguza ukungu uliobaki.