Gari la kale Goma: Kipuri kipo Kampala, usukani uko upande mwingine

GOMA – Boksi la usukani la Toyota Land Cruiser ya mwaka 1978 linaweza kuwa mezani kwa muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, likiwa la asili, lenye maandishi ya kiwanda, na kwa bei inayozungumzika. Mtu wa Goma anayefufua gari la mwaka huohuo hawezi kulitumia. La Uganda limetengenezwa kukaa kulia. Lake linakaa kushoto.

Congo huendesha upande wa kulia wa barabara, desturi iliyoachwa na Wabelgiji. Uganda, Kenya na Tanzania, zilizotawaliwa na Waingereza, huendesha kushoto. Ni kweli kwamba magari mengi yaliyotumika Japani huingia Goma na usukani wa kulia na huendeshwa hivyohivyo. Lakini Land Cruiser za zamani, zile zilizofika enzi za Zaire na kupanda milima kwenda kwenye mashamba na misheni, zilikuja na volani ya kushoto.

Gari linalosakwa zaidi katika kundi hilo ni la familia ya 40, lililotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Ni chuma kinene, taa mbili za duara, na injini ambayo fundi anaweza kuifungua bila kompyuta.

Si kila kipuri kinajali upande. Pistoni, gia, springi na milango vinaweza kutoka Kampala, Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam na vikakaa bila ugomvi. Taabu huanza kwenye boksi la usukani na fimbo zake, pedali, masta ya breki, dashibodi na mikono ya wipa. Hata taa kubwa zina upande: mwanga wake wa chini umepangwa kufika mbali zaidi kwenye ukingo wa barabara kuliko machoni mwa dereva anayekuja, na ukingo huo ukihama, taa humpofusha mwenzako.

Ndiyo maana fundi mzoefu huanza na kibao cha chuma ndani ya boneti kabla ya kugusa injini. Jina la modeli likiwa FJ40L, ile L ya mwisho humwambia kwamba gari lilizaliwa na usukani wa kushoto. Kisha hutafutwa namba ya kipuri, yenye tarakimu kumi. Namba hiyo ikiandikwa vizuri kwenye simu husaidia kuliko picha kumi za gari lenyewe, na humwepusha mnunuzi na kopi iliyotiwa kwenye boksi zuri.

Pa kwanza pa kuuliza ni ng'ambo ya mpaka. Rwanda nayo huendesha kulia, na kutoka Gisenyi ujumbe unaweza kufika kwenye gereji za Kigali siku hiyohiyo. Soko hilo ni dogo kuliko la Kampala. Basi macho hugeukia mbali zaidi, kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika ya Sharjah, jirani na Dubai. Falme za Kiarabu huendesha kulia na zimejaa Land Cruiser, kwa hiyo kipuri cha ng'ambo ya bahari hukaa mahali pake, wakati cha Kampala, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, hakikai.

Kiwanda nacho kimerudi kidogo. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kwamba itatengeneza upya baadhi ya vipuri vya familia ya 40, ikianza na vya injini, mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu na ekzosi. Ni habari njema kwa mwenye kadi ya benki na anwani inayofikika. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Watu wakalazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta hata fedha za matumizi, achilia mbali za spea.

Kinachobaki ni gari mfu, yaani lile lisilotembea tena lakini lenye viungo vizima. Nayo yanapungua. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika takriban asilimia 13 ya mji, na gari lililomezwa na jiwe halitoi hata skrubu. Mengine huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Tairi kuukuu hukatwa na kupigiliwa kwenye magurudumu ya chukudu, na beringi nazo hufuata njia hiyohiyo.

Kwa tajiri wa Nairobi anayelipeleka gari lake kwenye maonyesho, kusubiri mwaka mzima ni sehemu ya starehe. Goma mambo ni tofauti, kwa sababu gari la kale mara nyingi bado linadaiwa kazi: kubeba watu, viazi, mbao. Mwenye gari anayekosa boksi la kushoto hufikia swali ambalo fundi hapendi kuulizwa: je, ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva ukatwe, usukani uhamishiwe kulia, na kile cha Kampala kifungwe? Gari litatembea ndani ya wiki chache. Lakini ukuta huo ukishakatwa, boksi la Sharjah likifika mwaka ujao halitakuwa na pa kukaa.

Baadhi ya gereji hupata njia ya katikati: boksi la zamani hufunguliwa, meno yaliyolika hujazwa kwa kulehemu na kusuguliwa kwa tupa, sili mpya hukatwa, na gari hutembea polepole huku namba ya kipuri ikiendelea kusafiri kutoka simu hadi simu.