Jiko la pampu la wazee: msiliuze haraka kwa wanunuzi wa mitraye

Ndugu wanamemba, mwezi uliopita tulimkuta mama mmoja wa koperative akipimisha jiko la zamani kwa mnunuzi wa mitraye. Ni la shaba ya manjano, baba mkwe wake alilipikia uani miaka mingi. Tukamwambia: mama, ngoja kidogo kwanza.

Jiko hilo ni la aina ya Primus (si bia, na jina la jiko ndilo la zamani zaidi). Frans Wilhelm Lindqvist alilitengeneza Stockholm, Uswidi, mwaka 1892. Mwaka 1953, Edmund Hillary aliyeyusha viatu vyake vilivyoganda juu ya jiko la Primus, asubuhi ileile alipofika kilele cha Everest. Halina utambi. Hewa ya pampu inasukuma petroli ipande kichwani. Kichwa kikiwa moto, petroli inageuka mvuke, inatoka kwa tundu dogo sana na kuwaka bluu.

Mara nyingi kinachokufa ni ngozi ya pampu. Imekauka, unapiga pampu na hakuna hewa inayoingia. Chomoa mti wa pampu, loweka ngozi usiku mzima katika oili ya mota, halafu ifungue kingo kwa vidole. Usitumie mawese, yatagandamana. Kama imepasuka, shona-viatu atakukatia nyingine. Lakini mti wa pampu ukirudi juu wenyewe, ngozi haina kosa: valvu ndogo iliyo chini ya pampu haifungi. Musiweke kipande cha mpira wa baisikeli pale, petroli inauvimbisha.

Tundu la kichwani linazibuliwa kwa sindano yake nyembamba sana. Msumari unalipanua, na jiko litatoa moshi siku zote.

Kabla ya kuwasha, jazeni hewa bila moto na mupake maji ya sabuni kila mahali. Povu likitoka kwenye tangi lenyewe, hapo kweli muuzie mtu wa mitraye. Tangi lililopasuka na kuzibwa ovyo ni hatari.

Na esansi, hata tone moja, hapana! Ni petroli ya taa peke yake. Kuna fundi aliyemshauri mama yule achanganye ili liwake upesi, tulishangaa sana. Kuwasha ni kwa alkoli kidogo katika kikombe kilicho chini ya kichwa, nje ya nyumba, mbali na nyasi za paa. Ukipiga pampu kabla kichwa hakijapata moto wa kutosha, petroli inatoka ikiwa maji na moto wa njano unaruka juu. Fungua upesi skrubu ya hewa, utazima.

Jiko la mama lilipopimwa, povu lilitoka chini ya kichwa, mahali panapokaa rondeli ya risasi. Tangi ni zima. Tunamtafutia rondeli, na mpaka ipatikane, hatuliwashi.