Simu ya mkononi yapima ung'avu wa maji

Jicho la mwanadamu halitoshi kuamua iwapo maji yanafaa kunywewa. Mwanga na simu za kisasa vyaweza kuonyesha kile ambacho jicho halikioni.

Katika wilaya ya Al Kamil wal Wafi, mkoa wa Sharqiyah Kusini nchini Oman, mitende na watu vimeishi kwa falaj, mifereji ya kale iletayo maji kwa nguvu ya mteremko tu. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mifereji mitano ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia, ukiwemo Al-Jeela wa Sharqiyah. Kwa kawaida maji hayo ni maangavu. Lakini mvua kubwa inyeshapo milimani, mabonde makavu hufurika na kuteremsha udongo na mchanga.

Hatari yake si rangi peke yake. Chembe za udongo huwa ngao ya vijidudu dhidi ya klorini. Kwa hivyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kuwa ukungu wa maji usizidi NTU 1 kabla ya kutiwa dawa. Jicho, hata hivyo, huanza kuuona ukungu huo ufikapo takriban NTU 4. Kati ya viwango hivyo viwili, maji huonekana safi ilhali yana kasoro.

Mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, kimelea kisichouawa kwa urahisi na klorini kilipenya kwenye machujio, na watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 wakaugua. Vipimo vya mtambo wa maji vilikuwa vimeonyesha ukungu ukipanda siku kadhaa kabla ya ugonjwa kugunduliwa.

Kipimo chenyewe hufanya kazi kwa njia nyepesi. Mwali wa mwanga hupitishwa katika maji. Yakiwa maangavu, mwali hupita moja kwa moja. Yakiwa na chembe, mwanga hutawanyika, na kitambuzi kilichowekwa ubavuni, kwa pembe ya nyuzi 90, huupokea. Kadiri mwanga unavyozidi kufika ubavuni, ndivyo ukungu ulivyo mwingi. Vipimo vingi hutumia mwanga usioonekana kwa jicho, ili rangi ya maji isipotoshe matokeo.

Simu nayo ina kamera, ambayo ni kitambuzi cha mwanga. Programu ya HydroColor, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, hulinganisha picha tatu: ya kadi ya kijivu, ya anga na ya maji, kisha hukadiria ukungu. Njia hiyo yafaa baharini na ziwani. Kwenye mfereji wa kina kifupi, ambapo sakafu yaonekana, haifai. Hapo huhitajika sampuli ndani ya kisanduku cheusi, taa upande mmoja na kitambuzi ubavuni, na chombo hicho sharti kirekebishwe mara kwa mara kwa maji yenye kiwango kinachojulikana.

Hata hivyo, maji maangavu yaweza kuwa na bakteria au chumvi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara. Faida yake ni kutoa onyo mapema: anayepima kila siku mahali pale pale, na kuandika anachokipata, ndiye atakayetambua mabadiliko kabla maji hayajafika mtungini.