Supu ya Mifupa na Kazi Isiyo Yake

Katika miji ya barabara ya Mombasa, Kambu ikiwamo, bucha lenye jiko la nyama choma halikosi sufuria ya supu pembeni. Mifupa ya mbuzi na ya ng'ombe, vichwa na miguu iliyobabuliwa manyoya, vyote huishia humo, na mteja humiminiwa kikombe chenye chumvi na pilipili akisubiri nyama iive. Supu hiyo husifiwa kwa mengi: hukaza mifupa, hulainisha magoti, humwongezea mzazi damu na maziwa, humwinua mgonjwa kitandani. Siku hizi imepata hata wapiga debe mitandaoni wanaoinadi kama dawa. Mimi naona ni chakula kizuri kilichobebeshwa kazi isiyo yake. Ikiwa maji ya kupikia mlo, ina faida kubwa kwa nyumba za Ukambani. Ikinywewa badala ya mlo, mnywaji hushiba maji.

Tuanze na kalsiamu, kwa kuwa ndiyo hutajwa kwanza. Mfupa umejaa kalsiamu kweli, lakini imefungamana na fosfeti katika chembe ngumu ambazo haziyeyuki majini kwa urahisi, ndiyo maana mfupa uliochemshwa kutwa nzima hutoka sufuriani ukiwa bado mfupa. Mwaka 1934 watafiti watatu wa London, McCance, Sheldon na Widdowson, walipima supu za aina hii walizokuwa wakipewa watoto, wakakuta kwamba kwa kalsiamu hazikaribii maziwa hata kidogo. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa 2017 uliishia hapo hapo: kikombe hakikufikisha asilimia 5 ya mahitaji ya siku. Na ukitia ndimu je? Swali hilo lina msingi, maana asidi huyeyusha madini ya mfupa, na watafiti hao wa Taiwan waliona kalsiamu ikipanda zaidi ya mara kumi. Ila kilichokuwa haba sana, hata kikizidishwa mara kumi, bado ni haba. Kwa hiyo kamua ndimu, au tia ukwaju wa nyika ya Kibwezi, kwa sababu supu inanoga. Kalsiamu kaitafute ilipo: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300, na kikombe cha maziwa hakiko mbali na hapo, wakati mtu mzima huhitaji kama 1,000 kwa siku.

Kinachotoka mfupani kwa wingi ni kolajeni ya kano, gegedu na ngozi, ambayo ikichemshwa taratibu hugeuka jelatini. Acha supu ya miguu ipoe usiku wa baridi uone: juu tabaka la mafuta meupe, chini yake supu imeganda, na ukiigusa sufuria inatetemeka nzima. Wauzaji hudai kwamba kitu hicho huenda moja kwa moja kuziba gegedu la goti lililolika. Tumbo halina njia hiyo. Huivunjavunja jelatini kama protini nyingine yoyote, na mwili hutumia vipande vyake unapoona pana haja. Zaidi ya hayo, jelatini haina triptofani, asidi ya amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Wafaransa walilijua hilo kwa gharama. Mwanzoni mwa karne ya 19 maskini na wagonjwa wa Paris walilishwa supu ya jelatini ya mifupa kana kwamba ni nyama, mpaka tume iliyoongozwa na mwanasayansi Magendie iliporipoti, mwaka 1841, kwamba mbwa hawakuweza kuishi kwa jelatini peke yake. Nasi dawa ya upungufu huo tunailima: triptofani iko katika ndengu, kunde na maharagwe. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyochemshwa kwa supu ya mifupa ni mlo uliokamilika kuliko vikombe vitatu vya supu tupu.

Wapo watakaosema magoti yao yamepata nafuu. Sibishi, kuna majaribio ya unga wa kolajeni yaliyoonyesha nafuu ya kiasi, ila huo ni unga uliopimwa, na kila sufuria ya supu ina kipimo chake. Mgonjwa asiye na hamu ya kula naye hunufaika kwa maji, chumvi na joto. Ninapokataa ni kwa mtoto. Akitimiza miezi 6, tumbo lake ni dogo, na supu nyepesi hulijaza bila kumpa nguvu. Mpondee kiazi au ndengu ndani ya supu hiyo isiyo na chumvi, iwe nzito ya kulika kwa kijiko.

Kuipika si kazi. Omba muuza nyama akupe vifundo na miguu, avivunje kwa shoka. Osha, funika kwa maji baridi, chemsha, uengue povu la kijivu, kisha punguza moto mpaka vitokee vipovu vichache tu. Saa 3 au 4 zinatosha. Saa 12 zinazohimizwa mitandaoni zinawafaa wasiohesabu makaa. Kwetu makaa ni miti, na Kitui ilifikia kupiga marufuku usafirishaji wake nje ya kaunti mwaka 2018. Chumvi itie mwishoni, kwani maji hupungua nayo haipungui. Kwa sababu hiyo hiyo, visima vingi vya Ukambani vikiwa na maji ya chumvi, maji ya mvua ya tangi ni bora. Mwenye presha, jongo au ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza, na viungo vya pakiti aviache dukani.

Hatari kubwa huja baada ya moto kuzimwa. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, kisha huzaana katika supu iliyoachwa vuguvugu hadi asubuhi. Igawe katika sufuria ndogo, ziketishe kwenye karai la maji baridi, na kesho yake uichemshe hadi itokote. Mbegu za kimeta ni sugu vivyo hivyo, kwa hiyo mbuzi aliyejifia wakati wa ukame haokolewi na sufuria. Nunua mifupa penye muhuri wa mkaguzi wa nyama, na ukitoka hapo pitia dukani uchukue nusu kilo ya ndengu.