Kijana Akienda NYS, Shamba Linabaki na Nani?

Wazee wa Borabu wakifika ofisini kwetu huuliza habari za mbolea, na kabla ya kuaga huuliza jambo la pili: Je, yafaa mtoto wangu aende Huduma ya Vijana kwa Taifa?

Huduma hiyo, yaani NYS, iliundwa mwaka 1964, nchi ikiwa na vijana wengi wasio na kazi wala elimu. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Geoffrey Griffin wa Starehe. Vijana walivaa sare, wakala chakula cha Serikali, wakapasua barabara, na huku wakifundishwa. Taifa lilipata barabara, nao wakapata ufundi.

Miaka hiyo hiyo wazee wetu walikuwa wakigawiwa mashamba ya walowezi hapa Borabu, katika mpango wa eka milioni ulioanza 1962. Basi tufanye hesabu. Tuseme mzee alipata eka 30, akazaa watoto watano. Kila mmoja ana eka 6. Hao nao wakizaa wanne wanne, mjukuu ana eka moja na nusu. Hapo panda chai, fuga ng'ombe, jenga nyumba, ulipe karo!

Kwa hiyo namjibu mzee kwamba yafaa, lakini ajue NYS haimwahidi mtu kazi. Kijana, wa kiume au wa kike, huanzia mafunzo Gilgil, kisha hutumikia taifa na kujifunza ufundi kama vile umakanika, uashi au umeme. Akirudi na cheti bila vyombo, atakaa stendi ya Nyansiongo pamoja na wenzake. Heri mzazi aweke akiba ya vyombo mapema, maana kazi ipo: pikipiki za kubeba maziwa huharibika, pampu za maji hufa, na milango ya vyuma kila mtu anaitaka.

Mzee mmoja aliuza ng'ombe wa maziwa ili ampe mtu aliyedai ana "nafasi" ya binti yake. Nafasi haikuonekana, wala mtu yule. Kuandikishwa hakulipiwi hata senti. Ngojeni tangazo, kijana aende mwenyewe na kitambulisho na vyeti vyake.

Na shamba? Kabla hajaondoka, kubalianeni nyumbani ni nani atakayechuma chai, na mchumaji wa kuajiriwa atalipwa kutoka mfuko gani. Mara nyingi mzigo huo humwangukia mama peke yake, naye hakuulizwa.