Injini Iliyofanyiwa Ovahoo Haizoeshwi Uani

Hapa Buxton, Mombasa, swali hili haliishi, na mara nyingi linakuja na Peugeot 504: "Fundi, nimetia pistoni mpya na ringi mpya, lakini geji ya kompresheni inasoma chini. Niiache ingurume siku ngapi ndipo ringi zikae?"

Hata siku moja. Ushauri wa kuiacha injini mpya ingurume uani kutwa, bila mwendo wala mzigo, ndio unaoua injini ambazo zingeishi miaka. Wanaoutoa wanaamini chuma kipya kinataka upole. Ringi haifanyi kazi hivyo.

Ringi haibani ukuta wa silinda kwa nguvu zake pekee. Inasukumwa na gesi ya mwako inayopenya nyuma yake, na gesi hiyo huwa na nguvu injini ikibeba mzigo. Itazame silinda iliyotoka kupigwa honi: utaona mikwaruzo myembamba inayokatana. Ncha za mikwaruzo hiyo ndizo zinazoisugua ringi mpaka ishikane na ukuta, na nafasi hiyo ni ya saa za mwanzo tu. Injini ikinguruma bure, gesi ni haba, ringi inateleza juu ya oili, na oili inaungua polepole na kugandia kwenye mikwaruzo. Ukuta unang'aa kama kioo. Hapo ringi hazikai tena. Gari litakula oili mpaka injini ifunguliwe upya. Tena, injini nyingi za zamani hulainisha kamshafti kwa oili inayorushwa na krenki. Mzunguko ukiwa mdogo, oili haifiki vya kutosha.

Poda ya kusugulia sufuria, ambayo wengine huitia ili kulazimisha ringi zikae, nayo isitiwe kwenye kabureta. Haichagui: inasaga ringi, valvu na beringi kwa pamoja.

Na woga wa mzigo unatoka wapi? Injini hii haiogopi kazi: dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504.

Basi fanya hivi. Ukiiwasha mara ya kwanza, ishike kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, huku ukitazama presha ya oili na joto. Kisha ingia barabarani: toka Miritini upande Mazeras asubuhi mapema, gia ya tatu, kanyaga kutoka 50 hadi 80, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi. Halafu badilisha oili na upime tapeti.

Kupima kompresheni: injini moto, betri imejaa, plagi zote nje, waya wa koili umechomolewa, akseleta chini kabisa. Usipoikanyaga, hewa haiingii na geji inadanganya. Piga stata sawasawa kwa kila silinda, andika, linganisha silinda kwa silinda. Usilinganishe na gari la Nairobi. Kule hewa ni nyepesi, na injini inayosoma psi 150 hapa itasoma kama 120.

Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu, pengine tapeti zimekazwa mno. Mbili za jirani zikianguka pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Namba ya siku ya kwanza iandike tu. Usimfokee fundi wala usifungue injini kabla ya kilomita 1,000 za barabarani, isipokuwa silinda moja imeachwa mbali na wenzake.