Utafiti wa Afya: Swali Linatoka kwa Nani? (2)

Mwanamke wa Simbo, Kigoma, akishikwa na uchungu haendi kujifungua peke yake. Yuko mama yake, au mama mkwe, au wifi, na furushi la kanga. Kwa miaka mingi safari hiyo iliishia mlangoni mwa leba: mzazi ndani, ndugu nje wakisikilizia.

Kuanzia Julai 2016 hadi Desemba 2018, mlango huo ulifunguliwa kwa majaribio mkoani Kigoma. Katika vituo 9 vya serikali, mjamzito aliweza kuwa na mwenza, yaani mtu aliyemchagua mwenyewe, wakati wa kujifungua. Vingine 6 viliendelea na utaratibu wa kawaida ili pawe na cha kulinganisha. Zaidi ya asilimia 80 ya waliojifungua katika vituo hivyo 9 walikuwa na mwenza, na karibu wote waliohojiwa waliridhika sana. Hata wahudumu, ambao mtu angetarajia wanung'unikie msongamano, waliona wenza hao ni msaada.

Matokeo mazuri, bila shaka. Ila Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza mwenza wa kujifungua kabla ya majaribio kuanza; wazo halikuanzia Simbo. Kumchagua wa kukushika mkono ni uamuzi mkubwa. Kuchagua kitakachochunguzwa ni uamuzi mwingine.

Mfano wa huo wa pili upo Kigoma hiyohiyo, na haukutoka hospitalini. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji 12 jirani na Hifadhi ya Gombe. Kilichowaumiza kichwa wenye mradi ni misitu kukatwa na sokwemtu kukosa pa kuishi. Watanzania waliotumwa vijijini walitanguliza masikio, na waliyoyasikia hayakuwa ya sokwe hata kidogo: chakula, matibabu, shule za watoto. Mradi ukageuzwa ufuate hayo. Baadaye vijiji vikatenga misitu yake vyenyewe, na wanakijiji wakawa ndio wanaoikagua na kurekodi taarifa zake kwa simu.

Katika utafiti wa afya mgeuko kama huo ni mgumu, na sababu kubwa ni fedha. Bajeti hupitishwa pamoja na swali. Mtafiti anapobisha hodi na fomu ya ridhaa, mfadhili ameshakubali vipimo, muda na idadi ya watu. Mwanakijiji ameachiwa "ndiyo" au "hapana".

Wiki ijayo: Kilifi, Kenya, ambako wananchi huwachagua wenzao wakutane na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo.